Mwosha Huoshwa, na Nani?

Unywele ukikatwa hauumi. Hauna mshipa wa fahamu, hautoi damu, na mahali pake huota mwingine. Kwa hiyo mjomba alipopiga simu kutoka Dar es Salaam akasema bibi anyolewe, hakusema neno la kikatili. Alikuwa na hoja. Bibi hatoki nje, wala hana anayemwona ila sisi. Joto la Tanga mwezi wa pili halihitaji maelezo. Kichwa chenye nywele hutoka jasho, huwasha, hunuka, na kukiosha kichwa cha mtu asiyeweza kuketi kunataka watu wawili, maji ya moto na karibu saa nzima ya mgongo wa mama, mgongo ambao wenyewe ulishaanza kulalamika. Wembe ni dakika 10. "Dada," alimwambia mama, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu pale kitandani, "nywele si mtu."

Ninasomea shahada ya uzamili ya falsafa. Masomo ya darasani nimemaliza, imebaki tasnifu, na tasnifu huandikika popote penye meza na umeme, ndiyo maana nipo Makorora kwa mama na si Dar. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu utu na mwili. Sikumbuki ukurasa ulionibana kama maneno yale matatu, kwa sababu ni ya kweli. Nywele si mtu. Lakini je, kitu kikiwa si mtu, ndiyo kusema hakuna mtu unayemgusa ukikigusa?

Bibi yangu, mzaa mama, alipata kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia ulipooza na maneno yakaondoka nao, kama inavyotokea mara nyingi kiharusi kinapopiga upande wa kushoto wa ubongo. Yaliondoka yote isipokuwa moja. Hili nalo si geni: mgonjwa aliyepoteza lugha huweza kubakiwa na neno moja au mawili yanayojitokeza kwa kila jambo, jina la mtu, tusi, kipande cha dua. Bibi alibakiwa na "basi". Na kama ungeambiwa umchagulie mtu wa pwani neno moja tu la kuishi nalo, sidhani ungepata bora zaidi. Basi ni imetosha. Basi ni acha. Basi ni haya, tuendelee. Basi ni nyamaza mwanangu, yamekwisha. (Ni gari la abiria pia, na wajukuu hatukuuacha utani huo upite bure.)

Mama alipomweleza habari ya wembe, bibi alishika upindo wa kanga yake kwa mkono wa kushoto, akauvuta mpaka kwenye paji la uso, akasema, "Basi."

"Si umemsikia?" mjomba akasema kule kwenye simu. "Kakubali."

Yeye alisikia neno. Sisi tuliona mkono.

Tumelelewa katika mila iliyozoea kusoma kimya cha watu. Mwari akiulizwa kuhusu posa, kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ndiyo, na wanazuoni wana sababu zao: haya humzuia kusema kwa ulimi. Lakini kila aliyekulia katika nyumba zetu anamjua mama mmoja au wawili ambao kimya chao kilisomwa vibaya, na anajua pia kwamba mara nyingi kilisomwa vibaya kuelekea upande uliowafaa wasomaji. Sijapata kusikia kimya cha binti kikitafsiriwa kuwa hapana wakati mahari imeshatajwa. Hapo ndipo ninapomwogopa mjomba, na ndipo ninapojiogopa mwenyewe. Tafsiri ya "basi" kuwa ndiyo ingetupunguzia kazi sisi sote. Tafsiri inayokupunguzia kazi inastahili kutazamwa mara mbili.

Sasa kunyoa kwenyewe. Ingekuwa rahisi kama kunyoa kungekuwa usafi tu, lakini kwetu wembe haujawahi kuwa bubu. Mtoto hunyolewa siku ya saba. Mwanamume aliyemaliza hija hunyoa. Katika makabila mengi ya bara mfiwa hunyolewa baada ya mazishi. Kuruta jeshini hunyolewa, na binti anayeanza sekondari huambiwa apunguze nywele kabla hajapewa dawati. Kila mahali pale wembe unasema jambo moja: kuanzia leo wewe si yule wa jana. Unamhamisha mtu. Basi na bibi naye angekuwa anahamishwa, na mahali anakopelekwa tunapajua wote ingawa hakuna aliyepataja. Angetoka kuwa mwanamke mgonjwa, akawa mgonjwa tu.

Niongeze jambo ambalo mjomba analijua kuliko mimi. Bibi alikuwa msusi. Hakuwa wa saluni, alikuwa wa mkekani. Mabinti wa mtaa walikuja Alhamisi jioni wakakaa chini, kichwa kati ya magoti yake, na yeye akawafumua, akawachana, akawapaka mafuta ya nazi, akawasuka. Kama kuna msiba na mtu ana haraka, twende kilioni: ule msuko wa mistari michache ya kurudi nyuma, unaoisha kabla chai haijapoa. Nadhani hakuna kichwa cha mwanamke wa miaka arobaini na kitu katika mtaa wetu ambacho vidole vyake havikukipitia. Kichwa chake yeye hakikuonekana. Alikuwa na buibui nje na kanga ndani, na nywele zake zilikuwa habari yake na ya marehemu babu.

Kwa hiyo anayemwosha ni nani, hilo nalo lilikuwa swali. Mgongo wa mama haumruhusu kuinama zaidi ya dakika tano. Mama mdogo yupo Mombasa. Nikabaki mimi, mwanamume wa miaka 26. Kisheria hakuna tatizo, mjukuu ni maharimu. Lakini sheria hukuambia unachoweza kukiona, haikuambii utaweka wapi aibu yako utakapokiona.

Kilichotuokoa ni utani. Tangu nijitambue bibi ananiita mume wangu. Alikuwa akinilalamikia kwamba simletei kitoweo, akimtisha mama kwamba atahamia chumbani kwangu, akiwauliza mabinti niliosoma nao kama wanajua kuwa nina mke. Wasomi wa elimu ya jamii waliandika sana kuhusu utani wa makabila na utani wa babu, bibi na wajukuu, na wengi walisema kazi yake ni kupunguza mvutano. Sawa. Mimi niliuona ukifanya kazi nyingine. Mtoto na mzazi wana haya kati yao, na haya hiyo ni ukuta mzuri, unasimamisha nyumba. Mama anapombadilisha bibi nepi, wote wawili hutazama pembeni. Mimi nilipoingia mara ya kwanza na ndoo nikasema, "Mke wangu, saluni imefunguliwa, ila mteja alipe kwanza," bibi aliangua kicheko upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki. Ni kana kwamba wazee walishalijua hili zamani, wakaacha mlango mmoja wazi ndani ya ukoo kwa ajili ya siku ambayo mwili utahitaji kuguswa na haya itakuwa imefunga milango mingine yote.

Namna tunavyofanya, kwa atakayehitaji: taulo mbili kubwa unazisokota kama unavyosokota chapati, unazipinda zifuate umbo la herufi U, unatandika juu yake nailoni nzito ya meza, ili pande tatu ziwe na ukuta na upande wa nne ushuke kama mfereji mpaka kwenye ndoo iliyo sakafuni. Mgonjwa unamvuta kwa shuka aliyolalia, mtu huku na mtu huku. Usimvute kwa mkono uliopooza, bega lake huchomoka kirahisi. Kichwa kifike ukingoni mwa kitanda, mwili ulale mshazari. Chini ya shingo weka taulo dogo lililokunjwa, kwa sababu shingo ya mzee haikunjwi nyuma kama ya binti aliye saluni. Pamba masikioni. Maji ya vuguvugu unayapima kwa kiwiko, maana viganja vyetu vimezoea vikombe vya chai na hudanganya. Lita tano au sita zinatosha ukitumia jagi na usipokuwa na papara. Shampuu ni ya watoto, kidogo, maana kila povu unaloweka utalitoa kwa maji ya kubeba. Kucha zisifike kichwani, osha kwa ncha za vidole. Halafu kausha upesi, feni izimwe.

Mara ya kwanza nilimwagia maji kuanzia kisogoni, na bibi akafumba macho. Mkono wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania kanga kifuani, ngumi imekaza. Nilimimina jagi la pili, la tatu. Kati ya la tatu na la nne ngumi ikafunguka, kidole kimoja kimoja, na akasema "baaasi", ndefu, ya chini, kama mtu aliyetua mzigo sokoni. Tangu siku ile nina basi zake kama nane, na mama ana zake zaidi. Ipo fupi ya juu, maana yake maji ya moto. Ipo inayorudiwa mara mbili, maana yake sikio. Hiyo ndefu hatujawahi kuisikia nje ya maji. Ningeweza kuwa nakosea moja kati ya hizi nane, lakini mtu anayezungumza nawe kwa neno moja hukulazimisha usikilize sauti, uso na mkono kwa pamoja, na sijui ni mazungumzo mangapi kati ya wenye maneno elfu thelathini hupata usikivu wa namna hiyo.

Kant aliwahi kuandika kuhusu nywele, jambo ambalo darasani lilichekwa. Katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797 anasema mtu kujikata kiungo ni kosa dhidi ya nafsi yake, lakini nywele si kiungo, hivyo kuzikata si kosa la namna hiyo. Halafu anaongeza, kama aliyekumbuka jambo njiani, kwamba kuzikata ili uziuze hakukosi lawama kabisa. Mimi naipenda nyongeza hiyo kuliko kanuni yenyewe. Kanuni inasema alichosema mjomba, nywele si mtu. Nyongeza inakiri kwamba sababu ya kuzikata inaweza kumgusa mtu hata kama wembe haukumgusa. Ila Kant anazungumza juu ya mtu na nywele zake mwenyewe. Mtu aliyelala, ambaye nywele zake zinaamuliwa na wengine wakiwa wamesimama, hayumo katika aya ile.

Na Aristotle angetusaidia kidogo zaidi, kwa kutukasirisha. Katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako anamchora mtu mwenye nafsi kubwa: anapenda kutenda hisani, ila huona aibu kutendewa, kwa kuwa kutenda ni kwa aliye juu na kutendewa ni kwa aliye chini. Alasdair MacIntyre alimkosoa kwa hilo katika kitabu cha mwaka 1999, akasema falsafa imemsahau mtu tegemezi kana kwamba sote hatukuwa watoto na hatutakuwa wazee. Nakubaliana naye. Hata hivyo naona Aristotle alikuwa ameona kitu cha kweli kuhusu watu, hata kama alikisifu isivyostahili. Mjomba, mtoto wa kiume wa bibi, hawezi kuvumilia kumwona mama yake akitendewa. Wembe kwake ni njia ya kupunguza kutendewa. Sikuliona hilo mpaka alipokuja Idi, akakaa ukingoni mwa kitanda dakika chache, akatoka kwenda kusimama uani, na akarudi na hoja zile zile kwa sauti ya chini zaidi.

Nilichomwambia uani hakikutoka kwa Kant. Nilimkumbusha habari iliyomo katika Hadithi, anayoijua tangu madrasa: Mtume akiwa katika itikafu msikitini alikuwa akiinamisha kichwa kuelekea chumbani kwa Bi Aisha, naye Bi Aisha, akiwa upande wake wa mlango na katika siku zake, akamwosha na kumchana nywele. Mwili hautoki msikitini, kichwa kinapita mlangoni. Kila nikiifikiria habari ile naona kuinama kule. Mtu mzima, mwenye mikono miwili mizima, anainamisha kichwa aoshwe, na hakuna anayeona amepungukiwa. Mjomba alisikiliza, kisha akasema jambo ambalo bado sijalipatia jibu zuri: "Yule aliinamisha mwenyewe, mjomba. Huyu tunamvuta kwa shuka."

Tofauti hiyo ni kubwa na sitaki kuifunika. Ninachoweza kuweka upande wa pili wa mizani ni maiti. Mwanamke akifa kwetu, waoshaji humfumua nywele, huziosha, kisha huzisuka mikia mitatu na kuilaza nyuma, kama walivyofanya wanawake waliomwosha binti wa Mtume katika habari iliyosimuliwa na Ummu Atiyya. Hakuna anayesema apigwe wembe kwa kuwa haoni, hasikii na anakwenda ardhini. Maiti haiinamishi kichwa yenyewe, haisemi hata basi, na bado nywele zake zina utaratibu. Kama bibi angekufa usiku ule wa simu, asubuhi yake angesukwa mikia mitatu kwa upole. Kwa kuwa alikuwa hai, alitafutiwa wembe. Nilipomwambia mjomba hivyo hakujibu, na habari ya wembe ikaishia pale. Ameanza kutuma pesa ya shampuu, kwa jina hilo hilo, "ya shampuu", ingawa inatosha kununua na nepi.

Nepi. Hapa ndipo ninapopunguza kujipongeza. Mimi huosha nywele kila Alhamisi ya pili, na majirani wakiniona na ndoo husema kijana kama huyu siku hizi hapatikani. Mama humgeuza bibi kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala, usiku na mchana, humlisha uji kwa kijiko, humfua, na sijasikia jirani akisema mwanamke kama huyu hapatikani, kwa sababu wanajua yupo kila nyumba. Hoja ya mjomba kuhusu mgongo ilikuwa ya kweli hata kama jibu lake lilikuwa wembe. Heshima ya mtu aliyelala huwekwa na mtu aliyeinama, na mara nyingi huyo aliyeinama ni mwanamke ambaye hakuulizwa. Kiswahili kinalijua hilo: mgonjwa anaugua, na anayemtunza anauguza, kitenzi kile kile kikiongezewa mnyambuliko, kana kwamba ugonjwa mmoja umegawanywa kwa watu wawili. Bado sijaamua kama hiyo ni sifa au ni hukumu.

Kuna methali, mwosha huoshwa. Tunaitumia kumkumbusha anayeosha maiti kwamba siku yake inakuja, na watu huisema kama onyo, wengine kama ahadi. Lakini itazame sarufi yake. Huoshwa, lini? Ile hu- haina wakati. Huoshwa, na nani? Haisemi. Methali inakuhakikishia kutendewa, na mtendaji haimtaji. Bibi aliosha vichwa vya mtaa mzima, na mwoshaji wake akawa mvulana ambaye hakuwahi kumsuka. Waliosukwa wengi wao wapo Dar, Mombasa, Muscat. Wengine hutuma salamu.

Wiki iliyopita, baada ya kumkausha bibi, mama alikaa kitandani nyuma yake, amemwegemeza kifuani, akamsuka mistari sita ya kurudi nyuma. Mvi za bibi ni nyepesi, msuko hauzidi unene wa kijiti cha kiberiti. Nikatania kwamba ni twende kilioni. Mama hakucheka. Alimaliza mstari aliokuwa akiusuka, akasema bila kunitazama:

"Mimi nikifika hapa, baba, ninyoeni. Msije mkahangaika."

Nilimuuliza kama anataka hivyo au anatuonea huruma. Akasema kuna tofauti gani. Nikamwambia tofauti ni kubwa, nimeisomea. Akasema basi liandike, usije ukasahau nilichosema.

Nimeliandika. Amelisema akiwa na akili timamu, kwa maneno kamili, kwa Kiswahili fasaha, mbele ya shahidi mmoja ambaye wakati huo mama yake alikuwa amemwegemea kifuani, amefumba macho. Na yule shahidi, mama alipomaliza kusema, alisema basi, ile fupi ya juu.